Neno "Alleged": Tuhuma Si Hukumu



Hapa Uganda mahakama huandika kwa Kiingereza, polisi hutoa taarifa zao kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya magazeti yetu huchapishwa kwa lugha hiyo hiyo. Lakini habari haikai katika Kiingereza. Asubuhi inasomwa gazetini. Saa nne inasimuliwa kwenye kituo cha bodaboda kwa Kiganda. Jioni imekwisha kufika katika kundi la WhatsApp kwa Kiswahili au Kinyankole. Katika safari hiyo maneno makubwa huwasili salama: wizi, mauaji, rushwa, ubakaji. Lipo neno moja dogo ambalo mara nyingi huachwa njiani. Neno hilo ni "alleged", na leo naomba tulitazame kwa makini, kwa kuwa jina la mtu, na wakati mwingine uhai wake, hutegemea kama neno hilo lilifika au halikufika.

Kisarufi, "alleged" ni neno la sifa. Katika Kiingereza hutangulia nomino inayoelezwa, na jamaa yake "allegedly" hueleza kitenzi. Yote mawili yametokana na kitenzi "allege", ambacho Kiingereza kilikipata kutoka Kifaransa katika Zama za Kati, kikiwa na harufu ya mahakamani: kutoa tamko rasmi mbele ya wanaoamua. Maana yake siku hizi ni kudai kwamba mtu ametenda jambo, hasa jambo baya, kabla jambo hilo halijathibitishwa. Tazama basi mambo matatu yaliyojificha ndani ya neno hili moja. Kwanza, yupo anayedai. Pili, lipo linalodaiwa. Tatu, uthibitisho haujapatikana. Likikosekana lolote kati ya hayo matatu, neno hilo halina kazi mahali hapo.

Hoja yangu ni hii. Neno "alleged" si pambo la kuifanya habari ionekane ya kitaalamu, wala si ngao ya kumkinga mwandishi asishtakiwe. Ni ahadi anayompa msomaji wake kwamba ametenganisha anachokijua na anachokisikia. Asiyeweza kutaja ni nani anayedai hana haki ya kulitumia. Na anayeweza kumtaja, mara nyingi atagundua kwamba halihitaji.

Katiba imesema nini

Huenda ukauliza kwa nini mwalimu wa Kiswahili ajishughulishe na neno la Kiingereza katika ukurasa wa elimu ya uraia. Jibu ni kwamba neno hili limebeba kanuni iliyoandikwa katika katiba zetu.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 28(3)(a), inasema kwamba kila mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai atahesabiwa kuwa hana hatia mpaka hatia ithibitishwe au yeye mwenyewe akiri kosa. Ibara ya 23(4) inataka mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kuwa ametenda kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kwa jirani zetu wa Kenya, Katiba ya 2010 inalinda haki ileile katika ibara ya 50(2)(a). Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13(6)(b), imelieleza jambo hili kwa namna inayostahili kufikiriwa na kila mwandishi: inakataza mshtakiwa kutendewa kama mtu mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu wa 1981 unayo haki hiyo katika ibara ya 7, na kabla yake Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 liliitaja katika ibara ya 11.

Rudi kwenye maneno ya Tanzania: kutendewa kama mwenye kosa. Mtu hutendewa kwa pingu na kwa kufuli, lakini hutendewa pia kwa jina. Ukimwita mwizi kabla ya hukumu, umekwisha kumtendea kama mwizi. Mkewe atasikia, mwajiri wake atasikia, watoto wake wataulizwa shuleni. Mahakama ikimwachia huru baada ya miezi minane, haina uwezo wa kuwatembelea wote hao nyumba kwa nyumba ili kuwaambia. Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Tena yapo yanayozidi kuchafuliwa jina. Katika miji yetu na katika vijiji vyetu, kelele moja ya "mwizi!" imetosha kukusanya umati wenye mawe, fimbo na matairi. Umati haufungui faili, haumwiti shahidi, hautoi nafasi ya utetezi, wala hauna mahakama ya rufaa. Hakimu huhitaji miezi ili afikie neno "hatia". Umati hulifikia kwa dakika moja, kwa sababu mtu mmoja alitumia jina mahali palipostahili dai. Ndiyo maana nasema kwamba matumizi sahihi ya neno hili dogo ni wajibu wa raia kabla ya kuwa somo la lugha.

Mpangilio wa maneno unavyotuponza

Sasa tuingie darasani. Kiingereza na Kiswahili havipangi maneno kwa namna moja. Kiingereza husema "alleged thief": onyo linatangulia, kisha jina linafuata. Sikio la msikilizaji limekwisha kuandaliwa kabla neno la mwizi halijatamkwa. Kiswahili hutanguliza nomino, kisha sifa zake zikafuata. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "mwizi anayedaiwa". Umeona kilichotokea? Hukumu imetangulia, onyo limechelewa. Anayesikiliza nusu ya sentensi, na wengi wetu husikiliza nusu, ameondoka na neno "mwizi" peke yake.

Lipo na tatizo la pili katika tafsiri hiyo. "Kudaiwa" katika Kiswahili ni pia kuwa na deni. "Mwizi anayedaiwa" aweza kueleweka kuwa ni mwizi ambaye hajalipa deni la watu! Tungo hiyo haimwondolei mtu wizi, inamwongezea madeni.

Dawa yake ni nyepesi: anza na mtu, usianze na kosa. Andika "mtu anayedaiwa kuiba", "mwanamke anayetuhumiwa kumjeruhi jirani yake", "mhasibu anayeshtakiwa kwa wizi wa fedha za chama". Hapo nomino inayotangulia ni ya kweli bila shaka yoyote: ni mtu, ni mwanamke, ni mhasibu. Kosa linakuja nyuma, likiwa limefungwa katika kitenzi cha dai. Kiswahili hakikukosa neno la kubeba maana ya "alleged". Kimeiweka maana hiyo katika kitenzi badala ya sifa, na sisi tunaharibu tunapolazimisha njia ya Kiingereza.

Makosa manne ya kuepuka

Nimesahihisha insha, kumbukumbu za vikao na habari za wanafunzi kwa muda wa kutosha kuona kwamba makosa hujirudia. Nitayataja manne.

La kwanza ni kusema "alleged suspect". Kushukiwa hakuhitaji kuthibitishwa. Ama polisi wanamshuku mtu huyo ama hawamshuku. Wakisema wanamshuku, basi yeye ni mshukiwa kwa hakika. Kuandika "mshukiwa anayedaiwa" ni kusema kwamba kuna dai kuwa kuna shaka. Chagua moja. Ama ni mshukiwa wa wizi, ama ni mtu anayedaiwa kuiba.

La pili ni kuliweka neno juu ya jambo lisilobishaniwa. Lori likiwa limelala mtaroni na magunia ya mahindi yametapakaa barabarani, hakuna "ajali inayodaiwa", kuna ajali. Kinachoweza kudaiwa ni kwamba dereva alikuwa amelewa. Vivyo hivyo, mtu akikutwa amekufa, kifo si dai. Kama aliuawa, hilo laweza kuwa dai mpaka uchunguzi wa daktari ukamilike. Na kama aliuawa na fulani, hilo ni dai jingine tofauti kabisa. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press la Marekani, unaotumiwa na wanahabari wengi duniani, unawaonya waandishi wake juu ya kosa hilihili: usilitilie shaka tukio ambalo kila mtu anajua limetokea, wakati ambacho hakijathibitishwa ni ushiriki wa mtu fulani. Tenganisha tukio na mtendaji, nawe utajua mahali pa kuweka neno lako.

La tatu ni dai lisilo na mdai. "Inadaiwa kuwa mwenyekiti alikula fedha za kisima." Nani anadai? Mkaguzi wa hesabu? Mpinzani wake katika uchaguzi? Mtu mmoja aliyekuwa akinywa pombe sokoni? Kitenzi cha kutendwa kisicho na mtendaji ni nyumba yenye mlango bila mwenyewe. Yeyote aweza kuingia humo akatoka. Andika "Mkaguzi wa hesabu wa wilaya anadai", au "Wanachama watatu walilalamika mbele ya kikao". Msomaji apimie mwenyewe uzito wa dai kwa kumjua mdai. Na ikiwa huwezi kumtaja kwa jina kwa sababu za usalama wake, mweleze angalau kwa nafasi yake. Ikiwa huwezi hata hilo, huna habari, una uvumi.

La nne ni kudhani kwamba "alleged" ni sawa na neno letu "eti". Mtu akisema "eti mgonjwa" anakejeli. Anamaanisha kwamba haamini. Neno "alleged" halimaanishi "naamini" wala "siamini". Linasimama katikati. Wengine hulitumia ili kumdhihaki mlalamikaji, hasa mwanamke aliyebakwa, kana kwamba wanakonyeza jicho wakisema "ubakaji unaodaiwa". Hiyo si hadhari ya mwandishi mwadilifu. Ni dharau iliyovaa kanzu ya hadhari. Palipo na mlalamikaji aliye hai na anayesema, kitenzi bora ni "kusema" au "kueleza": "Msichana huyo aliwaeleza polisi kwamba alishambuliwa akitoka kisimani." Sentensi hiyo haimtii yeyote hatiani, wala haimwiti msichana mwongo.

Ngazi za Kiswahili

Ukitaka kuandika kwa usahihi, unahitaji kujua kwamba Kiswahili kina ngazi za majina kwa mtu aliye katika mkono wa sheria, na kila ngazi ina mahali pake.

Mshukiwa ni yule ambaye wachunguzi wanamdhania. Watanzania hutumia zaidi neno mtuhumiwa, Wakenya hupenda mshukiwa. Yote mawili yanafahamika kwetu, nawe chagua moja ulishike katika andiko lako. Mshtakiwa ni yule aliyesomewa mashtaka mahakamani. Mahabusu ni yule aliyewekwa kizuizini akingoja kesi yake. Naye bado hana hatia. Aliyetiwa hatiani ni yule ambaye mahakama imempata na kosa au amekiri mwenyewe. Mfungwa ni yule anayetumikia kifungo. Katika kesi za madai, ambazo si za jinai, tuna mdai na mdaiwa, wala mdaiwa hapaswi kuitwa mshtakiwa kana kwamba ametenda uhalifu.

Tazama jinsi tunavyozichanganya ngazi hizi. Mahabusu huitwa mfungwa, kwa kuwa wote wawili wamo ndani ya ukuta mmoja. Aliyepewa dhamana husemwa kwamba "ameachiwa", na mara mtaa mzima unanong'ona kwamba amehonga. Dhamana ya polisi hutolewa uchunguzi ukiendelea. Dhamana ya mahakama hutolewa kesi ikiendelea. Na katika hali zote mbili mtu amekubali kurejea atakapoitwa. Dhamana haimwoshi mtu, wala haimtii doa. Anayeandika "ameachiwa kwa dhamana, kesi itaendelea kusikilizwa" amefundisha uraia kwa maneno sita tu. Anayeandika "mwizi aachiwa" amewafundisha watu wasiiamini mahakama, na mtu asiyeiamini mahakama ndiye anayeokota jiwe.

Si ngao

Wapo wanaoamini kwamba wakishachomeka "allegedly" katika sentensi, wanaweza kuandika lolote baada yake. Hilo ni kosa la sheria na la maadili pia. Katika sheria ya kashfa tuliyoirithi kutoka Uingereza, anayerudia kashfa huhesabiwa kana kwamba ameianzisha yeye. Kusema "nilisikia tu" au "inadaiwa tu" hakumtoi mtu kwenye lawama, ikiwa jumla ya maneno yake imemfanya msomaji aamini kwamba fulani ni mhalifu.

Kisa cha Uingereza kinafundisha. Mwishoni mwa mwaka 2010, katika mji wa Bristol, polisi walimkamata mzee mmoja aliyekuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, kuhusiana na mauaji ya msichana aliyekuwa mpangaji wake. Hakushtakiwa. Hata hivyo baadhi ya magazeti ya nchi hiyo yalichapa picha zake, yakazungumzia nywele zake na tabia zake, na kumchora mbele ya taifa kama mtu wa kuogopwa. Baadaye mtu mwingine, jirani wa marehemu, ndiye aliyetiwa hatiani mwaka 2011. Mwaka huohuo magazeti manane yalimlipa fidia mzee yule kwa kumkashifu, na mawili kati yake yalitozwa faini kwa kudharau mahakama.

Jifunze jambo moja hapa. Waandishi wale Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, na maana ya "alleged" hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Lakini tahadhari ya neno moja haiwezi kuisafisha habari iliyobaki. Picha inasema, kichwa cha habari kinasema, mpangilio wa aya unasema, hata uchaguzi wa sifa kama "mkimya" au "wa ajabu" unasema. Ukiandika "anatuhumiwa" katika mstari wa kwanza, kisha mistari ishirini inayofuata ikamweleza kama muuaji, msomaji atauamini mzigo wa mistari ishirini.

Mizani moja kwa wote

Lipo jambo jingine, ndugu msomaji, ambalo huumiza zaidi kuliko makosa ya sarufi. Tunalitumia neno hili kwa upendeleo. Kijana wa mtaani akikamatwa na simu isiyokuwa yake, tunaandika moja kwa moja "mwizi wa simu anaswa". Mkubwa mwenye gari na mlinzi akishtakiwa kwa upotevu wa mabilioni ya shilingi, ghafla sote tunakuwa wanasheria: "anadaiwa", "anatuhumiwa", "inasemekana". Maskini hupewa nomino, tajiri hupewa kitenzi.

Sisemi kwamba tumwondolee mkubwa hadhari hiyo. Anaistahili kama binadamu mwingine yeyote. Nasema tumpe kijana wa simu kipimo kilekile. Ibara ya 28 haikuandikwa kwa ajili ya wenye mawakili peke yao. Kwa kweli mwenye wakili anaihitaji kidogo, kwa kuwa anao mtu wa kumsemea. Asiye na wakili anategemea usahihi wa kalamu yangu na yako.

Chukua jaribio hili. Siku utakapoandika habari ya mtu usiyemjua, libadilishe jina lake kwa muda, uweke jina la ndugu yako wa tumbo moja. Soma upya. Neno lolote litakalokuchoma, lichunguze: je, limethibitishwa, au umelitia kwa sababu tu hukumjua mwenyewe?

Pingamizi mbili

Najua mtu ataniambia, "Mwalimu, wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hiyo ina hekima yake, inatutaka tusizipuuze dalili. Lakini haikusema kwamba lisemwalo ni lilelile lililopo. Mara nyingi kinachosemwa ni moto, na kilichopo ni moshi wa jiko. Methali humfaa anayetaka kuanza uchunguzi. Haimfai anayetaka kuumaliza.

Mwingine atasema, "Alishikwa papo hapo, na pikipiki anayo mkononi. Nitamwitaje ila mwizi?" Namjibu: andika ulichokiona. "Alikutwa akisukuma pikipiki ya jirani yetu saa nane usiku, na kufuli lilikuwa limevunjwa." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko neno "mwizi", kwa sababu ni ushahidi, na mahakama hukaa kusikiliza ushahidi. Neno "mwizi" ni hitimisho lako. Waweza kuwa umepatia, waweza kuwa umekosea. Labda pikipiki ni ya kaka yake na ufunguo ulipotea. Labda alikuwa amelipwa na mwingine aisukume bila kujua. Na kama kweli ni mwizi, maelezo yako yatamtia hatiani vizuri kuliko jina ulilompa. Tahadhari ya lugha haimlindi mhalifu. Inaulinda ushahidi usichafuliwe na hasira.

Kazi iliyo mbele yako

Huenda wewe si mwandishi wa habari. Lakini huenda ni katibu wa kijiji, mweka hazina wa chama cha akiba, msimamizi wa kundi la WhatsApp, au mwanafunzi anayeandika kwa ajili ya klabu ya shule. Wote mnaandika juu ya watu.

Katibu wa baraza la kijiji, usiandike katika kumbukumbu: "Kikao kilimjadili mwizi wa mbuzi." Andika: "Kikao kilipokea malalamiko ya mama mmoja kwamba mbuzi wake wawili wamepotea. Mlalamikaji alisema anamshuku jirani yake. Jirani aliitwa, akakana. Kikao kiliamua suala hilo lipelekwe kituo cha polisi." Miaka kumi ijayo, mtu akilifungua daftari hilo, ataujua ukweli wote bila kumkuta mtu aliyehukumiwa na kalamu.

Msimamizi wa kundi la simu, ujumbe ukiingia wenye picha ya mtu na maneno "tapeli huyu, mfanye ijulikane", uliza maswali matatu kabla haujasambaa. Nani anadai? Anadai nini hasa? Je, kipo chombo kilichothibitisha? Ikiwa majibu hayapo, uondoe, na umshauri aliyeutuma apeleke malalamiko yake polisi, ambako dai lake litapokewa na kuandikwa.

Mwanafunzi, ukikutana na "alleged" katika gazeti la Kiingereza, usiliruke kwa kudhani ni neno la kujaza nafasi. Lisimamie. Tafuta mdai ni nani katika habari hiyo. Usipompata, umekwisha kujua udhaifu wa habari hiyo. Na utakapoisimulia kwa Kiswahili, hakikisha dai linabaki dai.

Jambo hili lina uzito kwetu zaidi kwa kuwa Kiswahili kinapanua makazi yake Uganda. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na kabla ya hapo kilikwisha kukaa miaka mingi kambini na katika vituo vya polisi, kiasi kwamba baadhi ya wazee wetu walikijua kama lugha ya amri na ya kukamatwa. Sisi tunaokifundisha tunatamani kionekane pia kama lugha ya haki. Hakitakuwa hivyo kwa sherehe na nyimbo peke yake. Kitakuwa hivyo siku taarifa ya polisi iliyoandikwa kwa Kiswahili itakaposema "mtu anayetuhumiwa" mahali ambapo leo tunasikia "jambazi".

Neno la mwisho ni juu ya wajibu tunaousahau zaidi ya wote. Dai likishafika mwisho wake, andiko letu nalo lifike. Mahakama ikimtia mtu hatiani, acha kusema "anadaiwa". Sema ametiwa hatiani, kwa kosa gani, na mahakama ipi. Mahakama ikimwachia huru, rudi kwenye kundi lilelile, ukurasa uleule, daftari lilelile, uandike kwamba ameachiwa huru, kwa herufi zenye ukubwa uleule uliotumia ulipoandika kwamba alikamatwa. Tuhuma zake zilisomwa na watu mia mbili; na habari ya kuachiwa kwake isomwe na hao hao mia mbili. Kama kuna jina katika simu yako au katika daftari la kijiji chako linalongoja mstari huo, uandike leo.